Lust for Life, Streetcore au Don't Worry About Me: uanze na albamu ipi ya kinara wa panki?

Kinara wa bendi anapojitenga na kurekodi albamu kwa jina lake, msikilizaji hubaki na swali: ule moto ulikuwa wake, au ulikuwa wa bendi? Kwenye panki (punk), yaani roki kali, ya kasi na makelele, swali hili lina uzito wa pekee, maana panki ni muziki wa kundi. Ni watu wanne wenye ala chache wanaosukuma kitu kimoja kwa pamoja, na mwimbaji ni mmoja tu wa wasukumaji, hata kama kamera zote zinamfuata yeye. Ndiyo maana vinara wengi walipojitenga walipoa. Nyimbo zilienda taratibu, gitaa kavu likachukua nafasi ya makelele, na mashabiki wakarudi kwenye santuri za zamani.

Zipo ambazo hazikupoa. Hapa nazilinganisha tatu, kwa ajili ya mtu ambaye amesikia majina haya, ana hamu, ila hajui aanzie wapi: Lust for Life ya Iggy Pop (1977), Don't Worry About Me ya Joey Ramone (2002) na Streetcore ya Joe Strummer na The Mescaleros (2003). Zote zimechangamka. Lakini uchangamfu wao haufanani hata kidogo, na mtu aliyekuwa anahitaji mojawapo akipewa nyingine anaweza kuuacha muziki huu kabla haujamkolea.

Nitasema mapema ninakosimama, ili usome kilichobaki ukijua. Usichague kwa jina lililoandikwa kubwa kwenye kava. Chagua kwa watu wanaopiga nyuma ya jina hilo. Kinara aliyetoka kwenye bendi yake anabebwa, au anaangushwa, na wale aliowaita studio.

Watu wenyewe

Iggy ndiye mkubwa wa umri. Jina la nyumbani ni James Osterberg, alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1947, na alikulia kwenye nyumba ya trela nje kidogo ya Ann Arbor. Kabla ya kushika maiki alikuwa mpiga dramu. Bendi yake ya ujanani iliitwa The Iguanas, na ndiko lilikotoka hilo "Iggy". The Stooges waliungana mwaka 1967 na kutoa albamu tatu ambazo wakati ule hazikuuza, lakini ndizo zilizowafundisha waliokuja kuitwa panki. Kundi lilivunjika 1974, na Iggy, akiwa amechoshwa na dawa za kulevya, alijipeleka mwenyewe hospitali ya magonjwa ya akili mjini Los Angeles.

Joey Ramone ni Jeffrey Hyman wa Queens, New York, aliyezaliwa 1951. The Ramones walianza 1974 na walipoaga jukwaa Agosti 1996 walikuwa wamepiga maonyesho 2,263. Joe Strummer ni John Mellor, aliyezaliwa Ankara, Uturuki, mwaka 1952, kwa kuwa baba yake alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Bendi yake ilikuwa The Clash, 1976 hadi 1986. Tarehe 4 Julai 1976, usiku uleule ambao The Ramones walikuwa wakipiga London kwa mara ya kwanza, The Clash walikuwa Sheffield wakipanda jukwaani kwa mara yao ya kwanza. Kwa hiyo hawa si wageni kwa wageni. Wawili hao wadogo wamekua kwenye kivuli cha yule mkubwa, na utaona Joey analilipa deni hilo ndani ya albamu yake.

Lust for Life: albamu ya mpiga dramu

Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu, unaanza na dramu peke yake. Hunt Sales anazitwanga zile ngoma nene za seti yake kwa mdundo unaochechemea, mkono mzito, bila haraka. Besi ya kaka yake, Tony, inaingia chini. Gitaa zinafuata, kinanda kinafuata, na mambo yanazidi kujazana huku mwimbaji kimya. Dakika nzima na ushee inapita kabla Iggy hajafungua mdomo. Kwa sikio lililolelewa na muziki wa dansi, ni kama bendi imeamua kuanza na sebene halafu ndipo ije kuimba. Albamu hii imepewa jina la mwimbaji, lakini neno la kwanza amelitoa mpiga dramu, na mimi naona uamuzi huo peke yake unaeleza kwa nini albamu hii haijazeeka.

Mdundo ule una asili ya ajabu. Iggy na rafiki yake David Bowie, mwimbaji wa Uingereza, walikuwa wakiishi Berlin Magharibi, na kwenye televisheni walikuwa wakipata kituo cha jeshi la Marekani. Kituo kilikuwa na mlio wake wa kujitambulisha, milio mifupi na mirefu kama ya simu ya upepo. Bowie aliudaka mlio huo kwa ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na wimbo ukazaliwa hapo.

Sasa, chanzo cha nguvu hii si kipaji peke yake. Mwaka huohuo wa 1977 Iggy alikuwa tayari ametoa The Idiot, albamu nzito, ya giza, inayotembea polepole, ambayo mkono wa Bowie unasikika kila kona. Ili kuitangaza walifunga safari ya maonyesho Ulaya na Amerika ya Kaskazini: Iggy mbele, Bowie pembeni kwenye kinanda kama mpigaji wa kawaida, Ricky Gardiner kwenye gitaa, na ndugu wawili wa Sales kwenye besi na dramu. Safari ilipoisha hawakutawanyika. Waliingia studio ya Hansa, karibu kabisa na Ukuta wa Berlin, vidole vikiwa bado na joto la jukwaa, Carlos Alomar akaongezeka na gitaa lake, na albamu ikakamilika haraka sana. Iggy amewahi kueleza kwamba Bowie ni mtu wa kasi, na yeye aliona lazima awe mwepesi kumzidi, la sivyo albamu ingekuwa ya Bowie. Unaisikia mbio hiyo. Maneno mengi yanatoka kama yanatungwa palepale mbele ya maiki, na mengine kweli yalitungwa hivyo.

Msikilize kwenye "Success". Iggy anatupa mstari, ndugu wa Sales wanaurudia. Mwanzoni ni mistari ya kawaida ya mtu aliyefanikiwa. Kadiri wimbo unavyosonga anaanza kuwatupia chochote: atacheza twist, ataruka kama chura, atatoka barabarani afanye apendavyo. Wao wanarudia vilevile, kwa sauti ya watu wanaozuia kicheko. Huu ni mwito na kiitikio, jambo ambalo masikio yetu hayahitaji kufundishwa, na linaonyesha raha iliyokuwamo chumbani. Kwenye wimbo wa mwisho, "Fall in Love with Me", walibadilishana hata ala: Hunt akachukua besi, Tony gitaa, Gardiner akakaa kwenye dramu. Bendi yenye wasiwasi haithubutu kufanya hivyo.

Halafu kuna "The Passenger". Muziki ni wa Gardiner, na maneno Iggy aliyapata akipanda treni za mjini Berlin akitazama nje dirishani. Kama unajifunza gitaa, huu ndio wimbo wa kukutoa uoga: Am, F, C, G, kisha Am, F, C, E, unazunguka hivyo hadi mwisho. Siri iko kwenye mkono wa kulia, maana gitaa linakata kwenye pigo la juu, karibu na namna ya rege, na ukilikosa hilo wimbo unalala.

Kasoro zake sizifichi. "Sixteen" ni wimbo wa mwanaume mzima anayemtamani msichana wa miaka 16, na mimi huuruka kila mara. Sioni namna ya kuutetea. "Turn Blue" ni mrefu, karibu dakika 7, unaburuta na kuzungumzia dawa za kulevya, na katikati ya albamu yenye kasi hivi unakata pumzi. "Tonight" ni mzuri, ila unaanza na mpenzi anayekufa kwa dawa. Bowie alipourudia mwaka 1984 pamoja na Tina Turner aliuondoa mwanzo huo kabisa, na wimbo ukawa wa mapenzi tu. Kama albamu itachezwa sebuleni mbele ya watoto wanaoelewa Kiingereza, yajue haya kabla.

Ilipotoka, bahati haikuwa upande wake. Elvis Presley alifariki tarehe 16 Agosti 1977. Alikuwa wa lebo ileile ya RCA, na nguvu zote za kampuni zikahamia kuchapa na kuuza santuri za Elvis. Iggy aliachwa ajitafutie mwenyewe. Uingereza albamu ilifika nafasi ya 28, na ilibidi kusubiri hadi 1996, filamu ya Trainspotting ilipoutumia wimbo wa kwanza mwanzoni kabisa, ndipo kizazi kingine kikazijua zile dramu.

Streetcore: sauti ya mtu aliyepona ukimya

Baadhi ya watu watasema Streetcore si albamu ya kujitegemea, kwa kuwa kwenye kava jina la bendi lipo. Pingamizi hilo nalielewa, ila naliona dogo. The Mescaleros walikuwepo kwa ajili ya Strummer, na kuliandika jina lao kulikuwa heshima yake kwao. Ukitaka albamu yenye jina lake peke yake ipo, Earthquake Weather ya 1989, na ndiyo inayothibitisha hoja yangu: nyimbo zina mawazo mazuri, sauti imezikwa chini ya ala, na hakuna anayemsukuma. Baada ya hapo alikaa miaka kumi bila kutoa albamu mpya ya kwake. Aliporudi mwaka 1999 alirudi na vijana waliomzunguka, na kila albamu waliyotoa ilizidi iliyotangulia. Streetcore ni ya tatu.

Hakuiona ikitoka. Strummer alifariki ghafla nyumbani kwake Somerset, Uingereza, tarehe 22 Desemba 2002, akiwa na miaka 50, kwa tatizo la moyo alilozaliwa nalo bila kulijua. Sauti nyingi zilikuwa tayari zimerekodiwa. Martin Slattery na Scott Shields, wenzake wa bendi, walikaa nazo na kuzimalizia, na albamu ikatoka Oktoba 2003 chini ya Hellcat, lebo ya Tim Armstrong wa bendi ya Rancid. Hapa kinara hakuwa na uwezo tena wa kusema "rudieni hapo" au "punguza gitaa". Waliobaki ndio walioamua, na waliamua kwa adabu. Hawakuipamba kwa vinanda vya msiba. Waliiacha ikwaruze.

"Coma Girl" inafungua kwa gitaa moja lenye furaha kisha bendi nzima inaruka ndani. Inayofuata, "Get Down Moses", ni rege nzito yenye besi ya kutikisa meza. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambaye panki ni geni kwake, huu ndio mlango. Strummer hakuwa mgeni kwenye rege: The Clash walirekodi "Police and Thieves" ya Junior Murvin mwaka 1977, na mwaka huohuo Bob Marley aliwataja kwa jina kwenye "Punky Reggae Party". Kwa hiyo anapofika kwenye "Redemption Song" ya Marley mwenyewe, katikati ya albamu, hafanyi kama mtu anayeazima. Aliirekodi na prodyuza Rick Rubin, sauti na gitaa vikiwa mbele. Wimbo huu kila mtu huku kwetu ameuimba, kambini shuleni, kwenye daladala, kwenye kumbukizi za Marley kila mwezi Mei, na ndiyo sababu ni kipimo kizuri. Sikiliza ya Marley, kisha hii. Strummer hana utulivu wa Marley. Anaimba kama mtu anayesoma barua kwa sauti ili asiilie. Kwangu ni mojawapo ya marudio machache ya wimbo huu yenye sababu ya kuwepo.

Lakini tunazungumzia nguvu, na nguvu ya albamu hii inakaa kwenye "Arms Aloft". Ubeti unakwenda chini chini, anamzungumzia mtu aliyekata tamaa na kumkumbusha usiku mmoja wa muziki Aberdeen, mikono yote juu. Kiitikio kinapofika gitaa zote zinafunguka kwa pamoja. Hakuna ufundi mkubwa hapo. Kuna mpangilio: wamejizuia kwa muda unaotosha, ndipo wakaachia. Lust for Life haijizuii popote, inawaka tangu sekunde ya kwanza. Streetcore inajua kusubiri, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi mbili.

"Long Shadow" aliiandika kwa ajili ya Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, na hapa anaiimba yeye, kwa gitaa na mwendo wa farasi. "Midnight Jam" haina uimbaji. Sauti unayoisikia humo ni ya Strummer akiwa redioni, kwenye kipindi chake cha BBC World Service, idhaa ya dunia ya shirika lilelile ambalo limekuwa likitangaza kwa Kiswahili tangu 1957. Alikuwa akicheza muziki wa kila bara kwenye kipindi hicho, na albamu zake za mwisho zina masikio ya mtu wa namna hiyo. "Ramshackle Day Parade" naiona nzito kupita kiasi. "All in a Day" inapita haraka na haiachi kitu. Wimbo wa mwisho, "Silver and Gold", ni wa zamani, umetungwa na Bobby Charles na wenzake, na Fats Domino aliuimba kabla. Mwimbaji anasema yote anayotaka kuyafanya kabla hajazeeka mno. Unapoisha, Strummer anasikika akiwaambia walioko studio kwamba sawa, hiyo imepatikana.

Jambo moja la nje ya albamu linasaidia kuielewa. Tarehe 15 Novemba 2002, Strummer na The Mescaleros walipiga kwenye ukumbi wa Acton, London, kuchangia chama cha wafanyakazi wa zimamoto waliokuwa kwenye mgomo. Mick Jones, mwenzake wa The Clash, alikuwa kwenye hadhira, akapanda jukwaani bila kuitwa. Hawakuwa wamesimama jukwaa moja tangu 1983. Wiki tano baadaye Strummer hakuwepo. Albamu hii imetengenezwa na mtu aliyekuwa anapanda, aliyekuwa na bendi iliyoiva na watu wa mtaani wakimhitaji. Kuisikiliza kama wosia ni kuikosea.

Don't Worry About Me: nyimbo fupi za mtu kitandani

Joey alikuwa na saratani ya tezi za limfu tangu katikati ya miaka ya 1990. Alirekodi albamu hii kidogo kidogo, pale afya iliporuhusu, na prodyuza na mpiga gitaa Daniel Rey, rafiki wa siku nyingi aliyewahi kufanya kazi na The Ramones. Besi ni ya Andy Shernoff wa bendi ya The Dictators. Dramu kwa sehemu kubwa ni za Frank Funaro, na Marky Ramone, aliyekuwa mpiga dramu wa The Ramones, yumo kwenye baadhi ya nyimbo. Mwisho wa mwaka 2000 Joey alianguka kwenye barafu akavunjika nyonga. Alifariki tarehe 15 Aprili 2001, akiwa na miaka 49. Albamu ilitoka Februari 2002.

Inaanza na "What a Wonderful World", ule wa Louis Armstrong wa 1967 unaopigwa kwenye harusi, ila hapa gitaa zinaunguruma na mwendo ni wa The Ramones. Ungetarajia mzaha. Hakuna mzaha. Joey anasifu miti ya kijani na mawaridi mekundu kwa moyo wote, na ukishajua alikuwa katika hali gani wakati ule, wimbo unakushika pabaya.

"I Got Knocked Down (But I'll Get Up)" ndio moyo wa albamu. Yuko kwenye kitanda cha hospitali, anasema anataka maisha yake, na kiitikio ni kile kile cha kichwa: nimeangushwa, nitainuka. Hakuna sitiari. Ni maneno ambayo mgonjwa yeyote angeyasema. Kisha anageuka na kuimba "Maria Bartiromo", wimbo kwa mtangazaji aliyekuwa wakati ule akisoma habari za masoko ya hisa kwenye televisheni ya CNBC, kwa sababu Joey alikuwa akicheza hisa na kumtazama kila siku. Nao "1969" ni wa The Stooges, kutoka albamu yao ya kwanza. Hilo ndilo deni nililolitaja: kijana wa Queens, akiwa mgonjwa, anamrudia Iggy wa Michigan.

Hapa kanuni yangu ya waliosimama nyuma inafanya kazi kinyume. Wapigaji ni wazuri, waaminifu, lakini hawamshindanii. Wanamtandikia njia iliyonyooka, mwendo uleule kutoka wimbo hadi wimbo, ili sauti yake isichoke. Ukitaka bendi inayokushangaza, hutaipata. Ukitaka sauti ya binadamu mmoja ikikataa kunyamaza, hii inazizidi zile mbili. Na ina dakika 35 hivi tu, wakati wenzake wanavuka 40 kidogo.

Zikiwekwa pamoja

Kwa mwili, yaani kukimbia asubuhi, kufua, kupiga deki, kuamsha nyumba Jumamosi, Lust for Life haina mpinzani, mradi uwe na spika yenye besi. Kwenye spika ya simu inapoteza nusu, kwani zile ngoma nene ndizo wimbo wenyewe, na simu haiwezi kuzitoa. Don't Worry About Me inaweza kuchezwa hata kwenye simu ya kawaida ukaipata, maana kila kitu kimo kwenye sauti ya kati: gitaa na koo. Streetcore naishauri kwa visikizio mara ya kwanza, uyashike maneno, kisha spika.

Kwa maneno, Strummer yuko mbali mbele. Ana watu, mitaa, miji na habari za dunia kwenye kila ubeti, na kama Kiingereza chako ni cha kusoma zaidi kuliko kusikia, fungua maneno yaliyoandikwa pembeni, maana anayameza. Joey anaeleweka kwa kila mtu, mistari mifupi, matamshi wazi. Iggy yuko katikati: sentensi ni rahisi, maana zake mara nyingi ni za mtu aliyekuwa akiishi usiku.

Kwa rika, kijana wa miaka 15 ningempa Joey bila kusita, kisha Streetcore. Lust for Life ningempa akishakuwa mtu mzima kidogo, kwa sababu nilizozitaja.

Kwa mpenzi wa rege, Streetcore, wala usijadili. Kwa mpenzi wa dansi na rumba ambaye siku zote husikiliza kwanza ala kabla ya mwimbaji, Lust for Life. Kwa mtu anayeuguza, au anayeugua, Don't Worry About Me. Ni albamu isiyomwonea mgonjwa huruma, na wagonjwa wengi wamechoka na huruma.

Kama unakerwa na rekodi za zamani na unataka mlio wa kisasa, kuna njia ya nne. Januari 2023 Iggy, akiwa na miaka 75, alitoa Every Loser, iliyotengenezwa na prodyuza Andrew Watt. Waliomsindikiza ni pamoja na Duff McKagan wa Guns N' Roses na Chad Smith wa Red Hot Chili Peppers. Ni ya kasi, ina hasira, imenyooshwa vizuri. Naipenda, ila hao ni mabingwa walioalikwa kumheshimu mzee, kila mmoja na siku yake. Hawajazunguka pamoja jukwaa hadi jukwaa kwa wiki kadhaa kama wale wa 1977, na inasikika.

Je, ni ipi kati ya tatu ningeibakiza kama ningelazimika kubaki na moja? Streetcore. Najua wengi watachagua Lust for Life, na kwa historia wako sahihi: bila hiyo nyingine zisingekuwepo. Lakini Lust for Life inanipa kitu kilekile kila nikiirudia, kizuri kilekile. Streetcore ina vyumba vingi, na wenzake wa Strummer walivipanga bila yeye kuwepo, wakamwachia kila kimoja taa ikiwaka. Kwa wewe unayeanza, hata hivyo, ushauri wangu ni mwingine: anza na Lust for Life kwa kuwa haihitaji maelezo, nenda Streetcore wiki inayofuata, na Joey mweke kwa siku utakayomhitaji.

Kama bando halitoshi albamu nzima, jaribu kila moja kwa nyimbo mbili. Kwa Iggy, "Lust for Life" kisha "Success". Kwa Strummer, "Get Down Moses" kisha "Arms Aloft", kwa mpangilio huo huo, maana ya kwanza inalegeza mabega na ya pili inayainua. Kwa Joey, "What a Wonderful World" kisha "I Got Knocked Down". Toleo la Lust for Life la 2020 lina nyongeza ndefu za maonyesho ya jukwaani. Ziache kwanza, cheza zile nyimbo 9 za asili, na ukifika "Sixteen" bonyeza mbele.